Kisanduku cha Ami: kuitunza zenity kwa mstari wa amri

Ami yangu ana ofisi ndogo ya mizigo huku Langoni, Lamu. Mzigo unaoletwa na basi hadi Mokowe huvushwa kwa boti, hulala kwake usiku mmoja, kisha hupakiwa kwenye boti za kisiwa cha Pate: Mtangawanda, Faza, Kizingitini. Boti hizo hufuata maji. Yakijaa ndipo hupita mkondo wa Mkanda, na siku za bamvua yakijaa alfajiri, orodha ya mizigo lazima iwe tayari alfajiri hiyohiyo.

Kompyuta ya ofisini ni ya zamani, ina Debian 12 (mfumo wa Linux) na eneokazi la XFCE. Mwanzo nilimfundisha Ami kuandika mizigo kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Alijaribu siku mbili. Siku ya tatu aliniita: "Ndoo utazame, mwanangu. Mato yangu hayaoni kitu kwenye kiza hiki." Hapo ndipo nilipoandika skripti fupi (faili la amri zinazoendeshwa kwa mfuatano) inayotumia zenity, ile programu ya mradi wa GNOME inayofungua visanduku vya kuuliza na kujibu: orodha ya kuchagua, fomu ya kujaza, kalenda, onyo, swali la ndiyo au hapana. Ami akawa anabofya alama ya "Mizigo", kisanduku kinafunguka kwa Kiswahili, anachagua bandari, anajaza, basi.

Ninayoandika hapa ni jinsi ya kukiweka kifurushi cha zenity, yaani programu iliyofungwa tayari kuwekwa, kukikagua, kukilinda na kukiondoa kwa amri. Sehemu ya kulinda nitaikalia zaidi, kwa sababu ilinigharimu.

Kabla ya kuweka chochote, uliza kwanza kilichopo:

    apt policy zenity

Jibu litakuonyesha toleo lililomo kwenye mashine, na chini yake toleo ambalo apt, programu ya Debian ya kuweka na kuondoa vifurushi, ingelichukua leo. Kwangu Debian 12 hutoa zenity ya 3.44. Ukitaka kujua inategemea nini na itakula kiasi gani cha bando, tumia:

    apt show zenity

Tazama mstari wa ukubwa wa kupakua. Wenye bando ya simu tunajali mstari huo. Na ujue kwamba `apt update` nayo huvuta orodha za vifurushi vyote vya Debian, na orodha hizo zaweza kuwa nzito kuliko zenity yenyewe. Mimi huiendesha usiku, mara moja, kisha nafanya kazi zangu zote za vifurushi hapohapo:

    sudo apt update
    sudo apt install zenity

Pamoja nayo utaona kimeingia kifurushi cha zenity-common, chenye tafsiri na kurasa za msaada. Usikiondoe. Jaribu hapohapo:

    zenity --info --title="Majaribio" --text="Kisanduku kinafanya kazi." --ok-label="Sawa"

Hiyo `--ok-label` naithamini sana, na mwenzake `--cancel-label`. Bila hizo vitufe huja kwa lugha ya mfumo, na mfumo wa ofisi ni wa Kiingereza. Ami anasoma Kiswahili kwa herufi za Kiarabu na za Kizungu, lakini hakuna sababu ya yeye kukisia maana ya kitufe ndani ya ofisi yake. Andika "Sawa", andika "Ghairi". Pahali pa kuthibitisha jambo zito usiandike "Ndiyo" peke yake, andika kitendo chenyewe: "Futa mzigo huu".

Skripti yenyewe mwanzo ilikuwa hivi:

    #!/bin/bash
    bandari=$(zenity --list --title="Mizigo" --text="Mzigo unakwenda wapi?" \
      --column="Bandari" "Mtangawanda" "Faza" "Kizingitini" \
      --width=400 --height=300 \
      --ok-label="Sawa" --cancel-label="Ghairi") || exit 0

    mzigo=$(zenity --forms --title="$bandari" --text="Andika mzigo" \
      --add-entry="Mwenyewe" --add-entry="Aina" --add-entry="Idadi" \
      --separator=";") || exit 0

    echo "$(date +%F);$bandari;$mzigo" >> "$HOME/mizigo.csv"
    zenity --info --text='<span size="xx-large">Imeandikwa</span>' --timeout=3

Neno "Imeandikwa" hutokea kwa herufi kubwa kwa sababu ya ile alama ya `span`. Macho ya Ami yaliifurahia kuliko yote mengine. Ila alama hizo zikikubaliwa, herufi ya `&` nayo huwa na maana yake. Mteja akiandikisha "sukari & mchele" nawe ukataka kuyarudisha maneno hayo kwenye kisanduku cha taarifa, maandishi hayatatoka. Maneno yanayotoka kwa mtu yaonyeshe kwa `--no-markup`.

Sasa nisimulie kilichotokea.

Mwezi mmoja diski ilijaa. Niliondoa programu fulani tusiyoitumia, kisha nikaendesha `sudo apt autoremove`, amri ya kuondoa vifurushi visivyohitajika tena, nikajibu ndiyo bila kusoma orodha. Ilikuwa magharibi, nina haraka. Alfajiri Ami alifungua ofisi, punda wamesimama nje na magunia, akabofya "Mizigo". Kimya. Akabofya tena. Kimya. Hakuna onyo, hakuna kosa, skrini imetulia kama bahari ya maleleji. Alidhani kipanya kimeharibika. Boti ya Faza iliondoka na mizigo iliyoandikwa kwenye karatasi ya mfuko wa saruji, na mifuko miwili ya unga ilishushwa Mtangawanda ilhali ni ya mtu wa Kizingitini. Mwenyewe alingoja siku tatu.

Nilikaa na kompyuta ile mchana kutwa mpaka nikajua sababu, na zilikuwa mbili.

Ya kwanza ni namna apt inavyokumbuka. Kifurushi ulichokiomba kwa jina hukitia alama kwamba kimewekwa kwa mkono. Kifurushi kilichoingia kwa sababu programu nyingine inakihitaji hukitia alama ya "chenyewe". Zenity yangu haikuingia kwa mkono wangu. Ilikuwa imekuja nyuma ya ile programu niliyoiondoa, nami nikaikuta ipo nikaanza kuitumia. Aliyeileta alipoondoka, apt ikaona haina tena mwenyewe. Haijui kama kuna skripti kwenye folda ya nyumbani inayoitegemea. Apt huangalia vifurushi, haisomi skripti zetu.

Ukitaka kuona kama yako iko kwenye hatari hiyo:

    apt-mark showauto zenity

Jina likitokea, imewekwa "yenyewe". Ipandishe daraja:

    sudo apt-mark manual zenity

Amri hii haipakui kitu wala haibadilishi faili ya programu. Ni alama tu, na alama hiyo ingetuokolea mifuko miwili ya unga. Fanya hivyo kwa kila kifurushi ambacho skripti zako zinakiita, hata kama umekikuta kipo.

Na kabla ya autoremove yoyote, iendeshe kwa majaribio:

    apt -s autoremove

Herufi ya `-s` huifanya apt iseme ingefanya nini bila kufanya. Mistari inayoanza na `Remv` ndiyo orodha ya vinavyokwenda. Isome yote. Ukitaka kujua ni nani mwingine kwenye mashine anaihitaji zenity:

    apt rdepends --installed zenity

Baada ya tukio, ushahidi uko kwenye `/var/log/apt/history.log`. Pale nilikuta tarehe, saa, amri niliyoiandika mwenyewe, na jina la zenity kati ya vilivyoondolewa. Kumbukumbu za miezi iliyopita hubanwa, hivyo tafuta ndani yake kwa `zgrep`:

    zgrep zenity /var/log/apt/history.log*

Sababu ya pili ilikuwa ndani ya skripti yangu, na naona wengi wanaiandika vilevile. Zenity humalizia kila kisanduku kwa namba. 0 maana yake mtu amekubali. 1 maana yake ameghairi au amefunga dirisha. 5 maana yake muda wa `--timeout` umekwisha. Lakini amri ikiwa haipo kabisa kwenye mashine, bash yenyewe, programu inayoiendesha skripti, hutoa 127. Mimi niliandika `|| exit 0`, yaani namba yoyote isiyo sifuri, toka kimyakimya. Skripti haikuweza kutofautisha Ami aliyebadili nia na zenity isiyokuwepo. Na kwa kuwa alama ya eneokazi imeandikwa `Terminal=false`, yaani isifungue terminali, lile kosa la "amri haikupatikana" lilikwenda kwenye faili ya `~/.xsession-errors` ambako Ami hatafika maisha yake.

Sasa naishika namba kwanza, kisha naamua:

    bandari=$(zenity --list ... )
    hali=$?
    case $hali in
      0) ;;
      1|5) exit 0 ;;
      127) xmessage -center "Zenity haipo. Andika kwenye daftari, uniite."
           exit 127 ;;
      *) xmessage -center "Kuna hitilafu namba $hali. Niite."
         exit $hali ;;
    esac
    [ -z "$bandari" ] && exit 0

Pale penye nukta tatu rudisha chaguo zilezile za juu. `xmessage` ni programu kongwe ya mfumo wa X, hutoka kwenye kifurushi cha x11-utils. Sura yake ni ya kale, kisanduku cheupe na kitufe kimoja, lakini haihitaji GTK (maktaba ambayo zenity huitumia kuchora visanduku) wala zenity, kwa hiyo zenity ikipotea yenyewe hubaki kusema. Bila shaka x11-utils nayo nimeitia alama ya `manual`. Na ule mstari wa mwisho ni kwa sababu mtu anaweza kubofya "Sawa" bila kuchagua bandari. Zenity hurudisha 0 na mkono mtupu, nawe ukaandika mzigo usio na pa kwenda.

Fomu nayo ipe ukaguzi huohuo. Nilijaribu kwa kuiondoa zenity makusudi, nikamwomba Ami abofye. Ujumbe ukatokea. Akausoma kwa sauti, akafungua daftari. Ndipo nikairudisha.

Jambo jingine ni matoleo. Kuanzia toleo la 4, zenity imehama kutoka GTK 3 kwenda GTK 4 na libadwaita (maktaba ya GNOME ya sura za madirisha), na visanduku vinabadilika sura. Kwa kijana si kitu. Kwa mzee aliyezoea kitufe kiwe pahali fulani, ni kazi ya kujifunza upya asubuhi yenye mizigo. Ukiwa na mashine ambayo hutaki kifurushi kiguswe mpaka ujaribu mwenyewe, kizuie:

    sudo apt-mark hold zenity
    apt-mark showhold

Kizuizi hiki huzuia kisasishwe na pia kisiondolewe chenyewe. Lakini usikisahau. Kifurushi kilichozuiwa hakipati marekebisho ya usalama, na ukihamia Debian mpya nacho kimezuiwa, uhamaji waweza kukwama. Mimi hukiweka kwa muda wa msimu wa shughuli nyingi, wiki za Maulidi ambapo ofisi haipumui, kisha naondoa:

    sudo apt-mark unhold zenity
    sudo apt install --only-upgrade zenity

Chaguo la `--only-upgrade` husasisha kilichopo bila kuweka kipya kama hakipo.

Umeme ukikatika katikati ya kuweka kifurushi, usishtuke. Ukirudi, apt itakataa kufanya kazi na kukuambia dpkg, programu ya chini ambayo apt huitumia kuweka vifurushi, ilikatizwa. Ipe amri hizi kwa mpangilio huu:

    sudo dpkg --configure -a
    sudo apt --fix-broken install

Ukishuku kwamba faili zenyewe zimeharibika, `dpkg -V zenity` hulinganisha zilizomo na alama zake za asili. Ikikaa kimya, ziko salama. Ikitaja faili, rudishia kifurushi kizima:

    sudo apt install --reinstall zenity

Wakala wa Ami kule Faza naye alitaka kisanduku kama hicho. Mashine yake haina intaneti, kwa hiyo kifurushi kilikwenda kwa flashi, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa boti. Nilimpigia simu kwanza akaendesha amri hii akanisomea majibu:

    apt-get install --print-uris zenity

Hiyo huorodhesha anwani za kila kinachokosekana kwenye mashine yake, bila kupakua. Kwa kuwa XFCE ilikwisha kumletea GTK, vilivyokosekana ni viwili tu. Nikahakikisha pia toleo la Debian ni lilelile na aina ya kichakataji ni ileile (`dpkg --print-architecture`), maana kifurushi cha amd64 hakiingii kwenye mashine ya aina nyingine. Kisha huku kwangu:

    apt-get download zenity zenity-common

Faili mbili za `.deb` zikaangukia kwenye folda niliyokuwemo. Kule Faza:

    sudo apt install ./zenity_*.deb ./zenity-common_*.deb

Ile `./` mwanzoni ni ya lazima. Bila hiyo apt hudhani unataja jina la kifurushi na kwenda kukitafuta mtandaoni. Na kifurushi kilichoingia kwa njia hii kimetajwa kwa jina, kwa hiyo alama yake ni ya mkono tangu mwanzo.

Nikiwa ghorofani na Ami yuko chini, huingia kwenye kompyuta yake kwa ssh, njia ya kuendesha amri kwenye mashine nyingine, kupitia mtandao wa ndani. Mara ya kwanza nilipoendesha zenity kwa njia hiyo ililalamika kwamba haikuweza kufungua skrini. Sababu ni kwamba kikao cha ssh hakijui skrini ya nani. Mwambie:

    DISPLAY=:0 zenity --warning --text="Ami, nahodha wa Kizingitini anaondoka baada ya nusu saa." --ok-label="Nimeona"

Uwe umeingia kwa jina lilelile la mtumiaji aliyefungua eneokazi, la sivyo utanyimwa. Ukiweka skripti kwenye cron, inayoendesha amri kwa ratiba, tatizo ni hilohilo na dawa ni hiyohiyo. Namba inayorudi baada ya amri hii naipenda: ikiwa 0, najua Ami amebofya "Nimeona".

Kuondoa ni rahisi, na baada ya niliyosimulia sitayarefusha. `sudo apt remove zenity` huondoa programu na kuacha faili za mipangilio za `/etc` kama zipo. `sudo apt purge zenity` huondoa na hizo. Zote mbili haziligusi faili lako la `mizigo.csv`, kwa sababu liko kwenye folda ya nyumbani. Kabla ya kuondoa, tafuta kwanza kama kuna skripti inayoiita:

    grep -rl zenity ~/bin ~/.config ~/Desktop

Wenye Fedora hutumia `sudo dnf install zenity`, na kwa Arch ni `sudo pacman -S zenity`. Skripti yenyewe haibadiliki. Ukiwa na eneokazi la KDE, kdialog itaendana zaidi na mashine yako, ila majina ya chaguo ni mengine na itabidi uandike upya. Ipo pia yad, iliyotokana na zenity na yenye vitu vingi zaidi ndani ya fomu. Niliijaribu wiki moja nikairudia zenity. Ami alihitaji nafasi tatu za kujaza, na nafasi tatu zenity inazitosha.

Wiki iliyopita ameomba ya nne, ya namba ya simu ya mpokeaji, kwa ajili ya ile mifuko ya unga. Nimeongeza mstari mmoja tu:

    --add-entry="Simu ya mpokeaji"